Siku yangu moja Chake Chake: mweusi si mweusi

Saa 12:30 asubuhi
Roli la mpira, uliokunjwa kama mkeka, limelala tangu jana usiku kwenye duka langu la kukata gasketi, vile vizibo vya maungio ya mashine. Unene wake milimita 3. Limetoka Dar kwa boti, likashushwa Mkoani, likapanda gari ya abiria juu ya magunia ya vitunguu mpaka hapa Chake, Pemba. Aliyeniuzia ameandika juu yake kwa chaki: "naitraili", yaani mpira unaostahimili mafuta na petroli. Chaki huandika chochote.

Kabla ya chai nakata kiduara kwa panchi ya inchi 1, nakitumbukiza kwenye chupa ya jamu yenye petroli. Pembeni yake natia kipande cha oili sili ya zamani, pete ya mpira inayozuia oili isivuje, ambayo naijua kuwa ni naitraili kweli, nacho nimekikata kwa panchi hiyo hiyo. Nafunga kifuniko. Tundu lililobaki kwenye roli ndilo shahidi wangu. Jioni kiduara kitarudi mwahala mwake, au hakitarudi.

Saa 2:00
Nafungua. Kwanza nasogeza mpira wa asili, ule wa utomvu wa mti, ndani kabisa ya duka, kwa sababu jirani anachomelea milango ya chuma. Mpira huo ni hodari sana kwa kunyumbuka na kwa kukataa kuchanika, ndiyo maana mauntingi nyingi, zile zinazobeba injini, hutengenezwa nao. Lakini jua na ozoni, hewa ile kali inayozalishwa pale anapochomelea, huupasua nyufa nyufa kama kisigino kisichopakwa mafuta. Jirani anadhani namringia.

Saa 3:30
Anaingia nahodha wa boti ya faiba kutoka Wesha.

"Assalaam alaykum, fundi."

"Waalaykum salaam, nahodha. Bahari vipi?"

Hajibu. Anaweka juu ya meza impela ya mashine yake, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoozea injini. Ilikuwa na mbawa sita. Mbili zimekatika, nne zimelala upande mmoja kama migomba baada ya upepo, na ncha zake zinang'aa kwa kuungua.

"Nikatie nyengine kwa mpira wako wowote."

Haikatwi, namwambia. Hii humiminwa kwenye kalibu, na katikati imeshikana na kijibushi cha chuma. Namuuliza kama aliwasha mashine juu ya nchi kavu.

"Kidogo tu. Nilikuwa nasikiliza mlio."

Hapo pana kesi. Impela nyingi za namna hii ni za neoprini, mpira uliotoka kwa DuPont, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Maji ya chumvi haiyajali, na mafuta kidogo inayavumilia. Ila maji yale yale inayosukuma ndiyo yanayoilainisha. Bila maji, inajisaga kwenye ukuta wa chuma na kuungua upesi kuliko wimbo mmoja wa redio. Ninayo ya saizi yake, namuuzia, lakini simwachi aondoke. Mbawa mbili zilizokatika ziko wapi? Zimo bado ndani ya njia za maji. Asipozitafuta zitaziba, na impela mpya itasingiziwa.

Kijana wangu wa dukani anaokota ile mbovu, anatoka nje, anaitia kiberiti cha gesi. Akiondoa moto, inazimika yenyewe. Ndivyo tunavyoitambua neoprini, kwani ile klorini iliyomo haipendi kuwaka. Mpira wa asili ungeendelea kuwaka na kutoa moshi mweusi. Moshi wa klorini nao si wa kuvuta, kwa hiyo namfokea arudi nyuma.

Saa 4:45
Bi mkubwa mmoja na mfuniko wa presha kuka ndani ya mkoba.

"Mwanangu, nikatie mpira wa hapa, kunde haziivi."

"Shikamoo bi. Huu mweusi sikukatii."

Mweusi una masizi na salfa ndani yake, haukutengenezwa kwa chakula. Pahala pa kunde panataka silikoni ya chakula, ile nyeupe, inayostahimili joto la nyuzi 200. Saizi yake sina, itakuja kesho kutwa.

"Basi nile kunde mbichi?"

Saa 6:00
Fundi gereji amekuja na hasira. Vikombe vya mpira vya breki alivyonunua kwangu wiki iliyopita vimevimba vyote. Navinusa: oili ya injini. Anampigia dereva simu, na dereva anakiri kwamba mafuta ya breki yalipungua, akajazia oili iliyobaki kwenye dumu. Vikombe vile ni EPDM, aina nyengine ya mpira wa kiwandani. Kwenye mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 hukaa salama miaka, lakini oili ya injini huinywa mpaka vinafura. Sasa mipira yote ya mfumo itolewe, mabomba yasafishwe, ianzwe upya.

Sikumcheka. Mwaka wangu wa kwanza nilimkatia mtu gasketi ya tangi la petroli kwa EPDM hiyo hiyo, kwa kuwa nilisikia inasifiwa kwa jua na mvua. Baada ya siku mbili alinirudishia kitu kama mkate uliosahauliwa kwenye chai.

Adhuhuri, sala, wali na samaki.

Saa 8:30 mchana
Mzee anayepika mafuta ya majani ya mkarafuu shambani kwake anataka gasketi za mtambo. Namkatia EPDM ya mfuniko wa pipa, kunakopita mvuke wa maji zaidi. Kule mwisho, mafuta yenyewe yanapotonea, nampa tefloni. Si mpira hasa, ni plastiki, haina mnyumbuko wowote, lakini karibu hakuna kimiminika kinachoigusa. Bei yake inamfanya aikohoe mara mbili.

Saa 11:00
Watoto wametoka chuoni, wanataka vipande vya manati. Nawapa mpira wa ndani wa gari. Mdogo wao anauvuta, anauachia, anaukataa: "Huu mvivu, ami." Kasema kweli. Ni butaili, husifiwa kwa kuzuia upepo usitoke, lakini haurudi kwa nguvu. Anataka ule mwekundu wa baiskeli. Hakuna aliyemfundisha.

Saa 12 kasoro robo
Nafungua chupa. Kile kipande cha oili sili kimevimba kwa unywele tu, kwenye tundu kinaingia kwa kusukumwa kidogo. Kiduara kipya nakitoa kwa koleo. Kimelegea, kingo zimefura. Nakiweka juu ya tundu lake kinakaa kama sahani juu ya kikombe.

Nimefuta "naitraili" kwa kitambaa, nikaandika MAJI TU. Simu ya Dar inaita, haipokewi.