Asidi amino ya sita

Nilipokuwa kidato cha tano niliziandika asidi amino zote 20, yaani vijenzi vinavyoungana kama mnyororo kuwa protini, kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya kitanda na kuzikariri kundi kwa kundi, bila kujua makundi hayo yana kazi gani. Kilichokuja kunifumbua macho ni ugonjwa wa selimundu.

Muundo wa asidi amino ni rahisi. Katikati ipo atomu ya kaboni iliyoshikana na vitu vinne: kundi la amino lenye naitrojeni, kundi la kaboksili ambalo ndilo linaloipa jina la asidi, atomu ya haidrojeni, na tawi la pembeni. Kinachoitofautisha asidi moja na nyingine ni hilo tawi: la glisini ni atomu moja tu ya haidrojeni, ilhali la triptofani lina pete mbili zilizoungana. Ndiyo maana wanakemia huziainisha kwa tabia ya tawi. Lipo linalokimbia maji, kama la valini. Lipo linalopatana na maji bila kubeba chaji, kama la serini. Lipo lenye chaji chanya, kama la laisini, na lenye chaji hasi, kama la asidi ya glutamiki. (Zile tisa ambazo sharti tuzipate katika chakula ni uainishaji mwingine kabisa, na wengi huuchanganya na huu.)

Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Mnyororo wake uitwao beta una asidi amino 146, na ya sita kutoka mwanzo ni asidi ya glutamiki. Mwaka 1957 mwanasayansi Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha kwamba kwa mgonjwa wa selimundu nafasi hiyo imekaliwa na valini. Basi, ni hiyo moja tu. Lakini mwenye chaji ametoka, ameingia anayekimbia maji, na akikaa juu ya protini hutafuta pa kujificha, kama vitone vya mafuta vinavyosogeleana juu ya mchuzi wa kuku. Himoglobini inapoachia oksijeni, valini hiyo hujichomeka katika kishimo cha himoglobini jirani. Zikishikana nyingi huwa nyuzi ndefu, nazo huivuta seli nyekundu hadi ikapinda kama mundu.

Huko Afrika Magharibi kuna himoglobini C, ambayo nafasi hiyohiyo ya sita imeshikwa na laisini. Chaji imegeuka kutoka hasi kuwa chanya, badiliko ambalo kwa haraka ungelidhani ni kubwa zaidi. Lakini laisini hupatana na maji, nyuzi zile hazifumwi, na hata aliyeirithi kwa wazazi wote wawili kwa kawaida huumwa kidogo tu.