Bafa niliyooshea seli

Saa tatu usiku nilikuwa bado chumba cha mashine ya kupima mng'ao wa seli. Ilikuwa Uingereza, mwaka wangu wa kwanza wa uzamili, na nilikuwa nimepewa jaribio ambalo wenzangu waliliita jepesi: kuamsha seli T, askari wa kinga ya mwili, na kuona kalsiamu ikipanda ndani yake. Zilikuwa seli za Jurkat, uzao wa damu ya mvulana wa miaka 14 aliyeugua saratani ya damu miaka ya 1970. Kila nilipozitoa kwenye inkubeta nilimfikiria huyo mtoto.

Nikazitia Fluo-4, rangi inayong'aa kijani ikishikana na kalsiamu, nikaziosha. Nikapima sekunde 30 zikiwa zimetulia, nikachomoa mrija, nikadondosha kingamwili ya CD3, ile inayoidanganya seli T kwamba imekutana na adui. Kwenye skrini mstari ukafanya kama mtu aliyeitwa usingizini: ukainua kichwa, ukarudi kulala. Nikarudia, yakawa yale yale. Mara ya tatu nikaanza kulaumu friji.

Akapita dada mmoja wa Mombasa aliyenitangulia pale miaka mitatu, koti mwilini, anawahi basi. Skrini hakuitazama sana.

"Umeziosha na nini, mdogo wangu?"

Nikampa chupa. Akasoma lebo, akacheka mpaka akavuta kiti. Bafa ile, maji ya chumvi ya kuoshea seli, haikuwa na kalsiamu.

Kumbe kile kimlima kilikuwa akiba ya ndani ya seli tu. Ikipungua, protini ya STIM1 huhisi ghala linakauka, ikafungua mlango wa ORAI1 kwenye utando ili kalsiamu ya nje iingie. Kwa kawaida ya nje huwa kama mara 10,000 ya ile ya ndani. Seli zangu zilifungua mlango vizuri tu. Uani hapakuwa na kitu.

Akanipimia kloridi ya kalsiamu, nikaidondosha. Mstari ukapaa, ukakaa huko huko juu.

Nikamtajia baba mdogo, aliyepandikizwa figo India na anayemeza takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usilikatae figo, asubuhi na usiku.

"Basi yeye mlango wake wafunguka na kalsiamu yaingia," akasema. "Dawa imemkaba kalsineurini, yule wa kumpeleka NFAT, protini ya kuwasha jeni za shambulio, kwenye kiini. Amri haifiki, figo lapona."

Akatazama saa. Basi la mwisho lilishapita.

"Haya, leta mrija mwingine," akasema, akavua koti.