Mistari Mitatu Iliyoshikana

Siku seva ya ofisi yetu ilipojizima na kujiwasha yenyewe saa sita mchana, nilikuwa nimekaa barazani mbele ya karakana ya ami yangu, mtaa wa Langoni hapa Lamu, nikingoja jua lipungue ndipo nirudi kazini. Ulikuwa mwezi wa Julai mwaka 2021 na kusi ilikuwa imekolea. Mwenzangu alinipigia simu akaniambia kwamba faili zote za pamoja zilitoweka kwa muda wa dakika kumi hivi, kisha zikarejea, na kwamba kila mtu anauliza ni nani aliyeugusa mtambo. Hakuna aliyeugusa siku ile. Hata hivyo nilihisi, kabla sijafika kwenye chumba chenyewe, kwamba kosa lilikuwa langu, ingawa sikujua bado nimelikosea wapi.

Seva hiyo ilikuwa na diski nne zilizounganishwa kwa mtindo wa RAID 5, ambao huitawanya data pamoja na hesabu za ziada katika diski zote, ili moja ikifa, yaliyokuwamo yaweze kukokotolewa upya kutoka kwa zile tatu zilizobaki. Kati ya diski na mfumo wa Linux palikuwa na kadi, yaani kidhibiti cha hifadhi, yenye prosesa yake na programu yake ya ndani; na kati ya kadi na kerneli, yaani kiini cha Linux, palikuwa na draiva, programu inayoiwezesha kerneli kusemezana na kadi. Kadi ya namna hiyo ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta kubwa, na kama kompyuta yoyote, huweza kuganda. Draiva ile ilimpa msimamizi wa seva hiari tatu za kuchagua pindi kadi inapoganda: kuitenga kadi peke yake na kuiacha kompyuta iendelee, kuiwasha upya kompyuta nzima, au kuisimamisha kerneli papo hapo. Hiari huchaguliwa kwa kuandika neno moja ndani ya faili iliyo chini ya saraka ya /sys, ambayo si faili ya kwenye diski bali ni dirisha la kusemezana na kerneli.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeliandika neno hilo mwenyewe. Kadi ilikuwa imeanza kuganda mara mojamoja, nami nilitaka hiari ya kwanza, ili safari ijayo niikute kompyuta bado iko macho na nisome ujumbe wa kerneli ulio kwenye memori, ambao hupotea mara tu mashine inapowashwa upya. Nilichoandika kilikuwa neno la hiari ya pili. Kwa hiyo kadi ilipoganda, kompyuta ilifanya kile hasa nilichoiamuru, na ushahidi niliokuwa nikiuvizia kwa siku kumi na nne ukafutika.

Niliufungua tena ukurasa wa maelezo ya draiva nilioutumia, nikauona mtego. Maneno matatu na fafanuzi zake tatu yalikuwa yamepangwa katika aya moja, bila nukta wala mkato: neno, ufafanuzi, neno, ufafanuzi, neno, ufafanuzi. Msomaji aliyeanzia katikati, kama nilivyofanya mimi kwa haraka zangu, aliweza kuuchukua ufafanuzi wa kwanza akauambatanisha na neno la pili, na sentensi ikamkubalia. Sijitoi lawamani, ningeyasoma kwa utulivu ningegundua. Lakini maelezo ya mtambo husomwa zaidi na watu ambao utulivu umekwisha kuwatoka.

Jioni ile niliupakua msimbo wa chanzo wa kerneli nikaitazama faili yenyewe ya maelezo, na humo mambo yalikuwa safi kabisa. Kila neno lilikaa kwenye mstari wake, na fafanuzi zote zilianzia kwenye safu moja, zimenyooka kama safu za sala. Aliyeziandika hakukosea, kwani wakati wake maelezo ya draiva yalikuwa maandishi matupu, yakisomwa vilevile yalivyopangwa. Kuanzia mwaka 2016 maelezo ya kerneli yalianza kuhamishiwa kwenye programu iitwayo Sphinx, inayoyageuza kuwa kurasa za kivinjari, na zamu ya faili za draiva za SCSI, kundi la vifaa vya hifadhi ambamo draiva yangu imo, ilifika mwaka 2020. Katika mfumo huo mpya, mistari inayofuatana bila mstari mtupu kati yake, na iliyoanzia safu moja, huhesabiwa kuwa aya moja, hata kama mwandishi aliikusudia kuwa orodha.

Nilitoa amri ya kuzijenga kurasa hizo kwenye kompyuta yangu, nikapata maonyo kumi na moja kuhusu faili ile. Mengi yalihusu mstari wa alama za sawasawa unaopigwa chini ya kichwa cha habari, ambao haufai kuwa mfupi kuliko kichwa chenyewe. Mengine yalihusu mifano ya amri ambamo maandishi yalisogezwa kulia pasipo sababu ambayo programu iliielewa. Kuhusu zile hiari tatu zilizonitia aibu, hapakuwa na onyo hata moja. Jambo hilo lilinishughulisha kuliko yote. Kichwa chenye mstari mfupi huonekana vizuri tu kwenye kivinjari na hakimdhuru mtu, lakini programu hulalamika. Mistari mitatu iliyoshikana humpotosha msomaji, lakini kwa programu ile ni aya halali, na programu hunyamaza. Vivyo hivyo katika mfano mmoja, njia mbili za faili zilizokuwa na kinyota katikati ya mikwaju zilikuwa zimepoteza vinyota vyake, kwa kuwa viwili hivyo vilichukuliwa kuwa alama za kuinamisha herufi. Aliyeinakili amri kutoka kwenye ukurasa angepata njia isiyokuwepo. Hapo pia programu ilikuwa kimya.

Basi niliamua kuisafisha faili yote, na niliamua kwa pupa. Nilirefusha mistari ya vichwa, nikaitia mifano ya amri chini ya nukta pacha zilizorudiwa mara mbili ili isifasiriwe, nikazitenga zile hiari tatu. Nikaona tahajia mbili mbovu, nikazisahihisha. Nikaona aya ambazo mistari yake ilikuwa mirefu kupita kiasi, nikaikata na kuipanga upya. Kufikia usiku wa manane kiraka changu, yaani faili ya mabadiliko niliyoyapendekeza, kilikuwa kimegusa karibu kila mstari wa faili, nami nilikuwa nimejawa na fahari ya fundi asiyeijua kazi.

Ami alinikuta asubuhi bado nimeinama juu ya kompyuta. Yeye ni seremala wa milango ya nakshi.

“Wabadili nini humo, mwanangu?” akaniuliza.

“Natia mistari mitupu, ami.”

“Wakesha kwa mstari usio na kitu?”

Nilimweleza kwa ufupi habari ya hiari tatu. Akanisikiliza hadi mwisho, na kwa kuwa alikuwa ameshika patasi na amesimama mbele ya ubao uliochongwa nusu, nilitaraji aniambie neno zito kuhusu nakshi na nafasi. Akaniambia niende nikamchukulie kahawa.

Kiraka nilikituma kwa baruapepe, kupitia kivinjari, kama ninavyotuma barua zangu nyingine. Siku mbili baadaye mtunzaji wa sehemu ile ya kerneli alinijibu kwa sentensi chache zenye adabu: kiraka hakibandikiki, na hata kingebandikika, kinafanya mambo mengi kwa pamoja. Nilikifungua kama kilivyomfikia nikatamani ardhi ipasuke. Kivinjari kilikuwa kimezigeuza nafasi zote za tabo kuwa nafasi za kawaida na kuikata mistari mirefu katikati. Tabo ni ile alama moja isiyoonekana ambayo katika kerneli huhesabiwa kuwa nafasi nane, na kwa kweli ingestahili kuitwa tabu. Git, programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi hii hasa, hulinganisha mistari ya kiraka na mistari ya faili herufi kwa herufi. Palipo na tabo haikubali nafasi nane badala yake, hata kama kwa macho ya binadamu ni kitu kimoja. Nilikuwa nimetuma marekebisho ya mpangilio yaliyovurugika mpangilio njiani.

Lawama ya pili ilikuwa nzito zaidi, na nilihitaji siku nzima kuikubali. Kwa kuzipanga upya aya ambazo hazikuwa na kosa, nilikuwa nimeyazika mabadiliko yenye maana ndani ya mabadiliko yasiyo na maana. Anayekikagua kiraka huona mistari iliyoondolewa na mistari iliyowekwa. Mistari ikiwa mia mbili, naye ana viraka hamsini vingine vinavyomngoja, atajuaje kwamba ile mitatu ndiyo iliyoiwasha upya seva ya watu mchana kweupe?

Nilianza upya. Aya nilizozipanga nilizirudisha zilivyokuwa, na tahajia nikaziacha kwa siku nyingine. Kazi iliyobaki niliigawa viraka vitatu: cha vichwa, cha mifano ya amri pamoja na vile vinyota, na cha hiari tatu. Hicho cha mwisho nilikiandikia maelezo marefu kuliko mabadiliko yenyewe, nikaeleza kwamba programu haitoi onyo lolote hapo, na kwamba msomaji anaweza kuoanisha neno na ufafanuzi usio wake. Sikusema kwamba msomaji huyo nilikuwa mimi. Safari hii nilivituma kwa amri ya Git yenyewe, kwa intaneti ya simu, baada ya kujitumia kwanza nakala na kuhakikisha kwamba tabo zilifika salama. Chini ya kila kimoja niliweka jina langu kamili, kwa kuwa wakati ule kerneli ilimtaka kila mchangiaji athibitishe kwa jina lake halisi kwamba anayo haki ya kuitoa kazi hiyo.

Viwili vya kwanza vilikubaliwa bila neno. Kuhusu cha tatu mtunzaji aliuliza swali moja, kama orodha ya fafanuzi isingefaa kuliko mistari mitupu peke yake. Nikakubaliana naye, nikakituma tena, kikaingia.

Ukurasa mpya ulipotoka nilimwonyesha ami kwenye simu. Aliutazama akiwa ameiweka miwani kwenye paji la uso.

“Kwani hapa palikuwa na nini?”

“Palikuwa na mistari mitatu imeshikana.”

“Na sasa?”

“Sasa imeachana.”

Akanirudishia simu, akaishusha miwani, akaendelea na ubao wake.