Maji hujaa, maji hupwa: kusema mambo ya kila siku

Ukisimama pwani ya Nungwi ukasema "maji yanajaa", watu watageuka kutazama bahari, kwani umesema ya sasa hivi. Ukikusudia ada ya bahari, sema "maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku". Hu- ndiyo ya mazoea, na haichukui nafsi: mimi huamka, wewe huamka, wao huamka. Kwa hivyo mtendaji asipojulikana, mtaje.

Panapoharibika zaidi ni kwenye vitenzi vifupi. Mtu huandika "hukula pweza" akidhani anaeleza desturi, kumbe amemwambia mwenziwe kuwa hakula. Ku- hiyo iondoe: hula pweza, hunywa uji, huja alfajiri. "Huenda" nayo ina mtego wake, maana ikianza sentensi husikika kama "labda": huenda akaja. Ukiona utata, iokoe kwa huwa: "huwa anakwenda Darajani".

Hu- haina kikanushi chake. "Yeye hali pweza" yatosha, au "huwa hali pweza". Kwa yaliyopita, "alikuwa akivua ng'ambo ya mwamba" hubeba mazoea vizuri. "Alivua" husikika kama siku moja tu.

Kuhusu wakati, "kila siku" imechoshwa na kazi. Unguja na Pemba siku ina vituo vyake vya sala, navyo hueleza zaidi: baada ya alasiri hukaa barazani, baina ya magharibi na isha husomesha watoto. Mchana kutwa ni mpaka jua lichwe, usiku kucha ni mpaka kuche, basi "usiku kutwa" haisimami. Na anayepitisha mchana kwenye jambo moja hushinda: "hushinda akisuka ukili".

Tahadhari nyingine: kila siku si saa ile ile. Maji hupwa kila siku, lakini huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana, kwa hivyo "kila siku saa 4 maji hupwa" ni uongo ifikapo kesho. Wakulima wa mwani wa Paje hawafuati saa ya ukutani. Sema "huteremka kila bamvu", yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapotoka mbali. Kwenye maji mafu hayatoki sana.