Nakuru, Tetemeko na Linta

Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko lenye ukubwa wa 6.9 lilipasua ardhi ya Subukia, kaskazini mwa Nakuru, likaacha ufa wa zaidi ya kilomita 30. Ndilo kubwa zaidi kuwahi kurekodiwa nchini Kenya, lakini wakazi wengi wa hapa hawalijui, nami siwalaumu, kwa kuwa Bonde la Ufa huzungumziwa zaidi kama mandhari ya watalii kuliko kama mahali ambapo bara lingali linaachana polepole. Wakati ule nyumba zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa nyepesi, za miti, udongo na nyasi. Leo kuna ploti za mawe za ghorofa nne au tano, zimebanana kiasi kwamba jirani akikohoa unamwitikia.

Ndiyo maana tetemeko la Bukoba, Tanzania, la tarehe 10 Septemba 2016 lilinishughulisha kuliko habari za matetemeko ya mbali. Lilikuwa la 5.9, na mtikisiko wake ulifika hadi Kisumu, ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria. Upande wa Kagera, mkoa wenye Bukoba, watu zaidi ya 15 walifariki, mamia wakajeruhiwa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Tukumbuke kwamba nishati ya tetemeko la 6.9 ni takriban mara 30 ya lile la 5.9.

Kinachoua mara nyingi ni ukuta. Mawe yetu ya kuchonga hubeba uzito mkubwa ukikaa juu yake, lakini hayavumilii kusukumwa kwa ubavu, hasa pale ambapo mwenye jengo amebana matumizi ya simiti hata ukikwaruza kiungo kwa ukucha mchanga unamwagika. Fundi mzuri hulaza mikanda ya chuma kati ya safu za mawe na kumwaga linta, yaani ukanda wa zege juu ya milango na madirisha, inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, ili kuta zote zivutane. Fundi aliyeambiwa aharakishe huweka linta juu ya mlango na dirisha tu, kisha anapiga plasta, na hapo hakuna jicho litakaloona tofauti.

Kwangu mimi, huo ukanda wa zege ndio msaada wa kwanza wa maafa. Wa pili ni jirani. Bwawa la Solai, hapa kaunti ya Nakuru, lilipopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, wenyeji walikuwa matopeni wakitafuta watu kabla magari ya uokoaji hayajafika, kama inavyokuwa kwenye maafa karibu yote. Mablanketi na unga huja baadaye, navyo ni vya lazima. Wakimbizi wa ndani wa ghasia za baada ya uchaguzi, waliopiga hema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru mwaka 2008, wanajua thamani yake. Hata hivyo, aliyefunikwa na kifusi hutegemea mtu aliye karibu, mwenye sururu na anayejua ni chumba gani kinalala watoto.

Kwa hivyo ningependa maafisa wa kaunti wakague linta kabla ya plasta, na chama cha wapangaji kijue penye swichi kuu ya stima na uwanja wa kukimbilia. Nawe unapotafuta nyumba, muulize mwenye ploti kama linta yake imezunguka. Huenda akanuna, lakini kodi ni yako.