Bonaire: Chumvi, Upepo na Matumbawe

Kisiwa cha Bonaire, kaskazini mwa Venezuela lakini chini ya Uholanzi, hupigwa na upepo wa mashariki karibu mwaka mzima, na upepo huo ndio ulionipangia safari. Mashariki ni joshini, upande unakotoka upepo: mawimbi yanapasukia mawe, hapaogeleki. Nikabaki magharibi, demani, upande uliokingwa na upepo, bahari imetulia kama maji ya mtungini.

Nilianzia kusini, kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa ya kina kifupi, jua na upepo vikayakausha. Chumvi ikikolea, maji hugeuka rangi ya waridi kwa sababu ya vijidudu vinavyoipenda. Kando ya barabara vimesimama vibanda vya mawe vya watumwa, vya takriban mwaka 1850. Milango ni mifupi mno, mtu mzima huingia karibu kwa kutambaa. Walilala humo wiki nzima wakichimba chumvi, kisha wakatembea kama saa saba hadi Rincon, kijiji cha kaskazini zilikokuwa familia zao. Uholanzi ilikomesha utumwa huku tarehe 1 Julai 1863. Nguzo ndefu zilizo karibu, za 1837, kila moja na rangi yake, ziliwaonyesha manahodha pa kupakilia.

Kabla ya kugusa maji, lipa ada ya hifadhi mtandaoni. Fedha ni dola ya Marekani, ingawa bendera ni ya Uholanzi. Mawe ya rangi ya njano barabarani ndiyo alama za pa kuingilia baharini. Ufuko ni wa vipande vya matumbawe, kwa hiyo vaa viatu vya mpira vyenye soli ngumu. Matumbawe yanaanza hatua chache tu kutoka nchi kavu, na samaki aina ya pono utawasikia wakiyatafuna kabla hujawaona.

Kosa la wengi ni kuuamini utulivu. Upepo unatoka nchi kavu kuelekea baharini, hivyo anayeelea kifudifudi husukumwa nje bila kuhisi wimbi lolote. Chagua alama ufukoni, inua kichwa kila baada ya dakika chache, anza kwa kuukabili mkondo ili urudi nao. Glavu zimekatazwa, maana mwenye glavu hushika matumbawe. Mafuta ya jua yenye oksibenzoni, kemikali inayodhuru matumbawe, nayo ni marufuku. Shati la mikono mirefu linatosha.

Klein Bonaire, kisiwa kidogo cha mbele, hufikiwa kwa boti. Hakina wakazi, choo wala duka, na kivuli ni haba. Beba maji.