Nilivyopata kampuni ya kunisafirishia pikipiki kutoka Dar mpaka Mwanza

Nilihamishwa kikazi kutoka Dar kwenda Sengerema, mkoani Mwanza, na kilichoniumiza kichwa kuliko vyote ilikuwa pikipiki yangu. Ni Boxer 150, niliichukua mpya dukani, najua kila nati yake, na kila niliyemwambia naondoka nayo alinishauri niuze ninunue nyingine hukohuko. Mi sikutaka. Pikipiki ukiiuza kwa haraka unapewa bei ya kutupa, afu unakoenda unanunua ya mtu usiyemjua na injini hujui imefunguliwa mara ngapi. Kuiendesha mwenyewe nako nilikataa, Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, unapita Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida, unashuka mlima Sekenke huku masemi yako nyuma yako, na unakuwa peke yako njia nzima. Mke wangu alisema baba fulani hapana, na mimi nilishasema hapana kabla yake.

Treni niliiulizia pia. Reli ya zamani inafika Mwanza kupitia Tabora ila ratiba haikuendana na siku niliyotakiwa kuripoti kazini, na SGR, ile treni ya umeme ya reli mpya iliyoanza safari 2024, inaishia Dodoma, sasa nikishusha pikipiki Dodoma nimefanya nini. Ikabaki basi au lori.

Basi ndo watu wengi wanalokimbilia kwa sababu ni haraka, leo unapakia kesho mzigo uko Nyegezi. Nikaenda stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikasimama tu pembeni nikaangalia wanavyoshusha mizigo, na namshukuru Mungu niliangalia kwanza. Basi moja lilifungua buti wakaivuta pikipiki imelazwa ubavu, tairi ya mbele imekunjwa kwa nguvu ili mlango wa buti ufunge, leva ya klachi imekatika, na mafuta yamevuja kwenye mfuniko wa tenki yakalowanisha kiroba cha unga cha mama mmoja, mama analia na unga wake, mwenye pikipiki analia na klachi yake, na konda anasema mzigo ndivyo ulivyokuja. Pikipiki ya kabureta ukiilaza masaa yote hayo petroli inatoka, oili inaweza kupanda mpaka kwenye ekilina, yaani chujio la hewa, na betri kama ni ya maji ya asidi ndo inamwagika kwenye chuma na nyaya. Na hayo mafuta yako kwenye buti chini ya abiria waliokaa. Sikulaumu kampuni moja, buti la basi halikutengenezwa kubeba pikipiki iliyosimama, basi. Nikafuta wazo la basi hapohapo.

Nikahamia kwa watu wa malori. Kariakoo na Gerezani kuna maofisi mengi ya kusafirisha mizigo ya mikoani, mengine ni meza na mwavuli tu, mengine yana stoo kabisa na ubao umeandikwa mikoa wanayopeleka. Ukitokea na neno pikipiki madalali wanakuzunguka, kila mmoja ana gari linaondoka leo jioni. Ofisi ya kwanza niliyoingia walinitajia bei karibu nusu ya nilizokuja kusikia kwingine. Nikauliza swali moja tu, gari ni lenu au mnakodi? Yule kijana akanijibu, "Gari zipo kaka, wewe usiwe na wasiwasi." Nikarudia, ni zenu? Akasema gari zipo. Nikatoka.

Hilo swali ndo lilinichujia karibu maofisi yote, na nikiulizwa na mtu leo namwambia aanze nalo. Maana wengi wa wale ni madalali, anapokea mzigo wako, anapokea hela, afu anaenda kutafuta Fuso yoyote yenye nafasi anampa dereva kidogo yeye anabaki na chake. Mzigo ukifika salama wote wanafurahi. Usipofika, dereva hakujui, dalali anasema mpigie dereva, dereva anasema mimi nilipewa na dalali. Na wengine gari lao linafika Dodoma au Kahama tu, hapo wanaushusha wanaupandisha kwenye gari lingine, na kila unaposhushwa ni vibarua wengine ambao hawajui pikipiki inashikwa wapi.

La pili nililolipa uzito ni ofisi ya kule mwisho. Watu wote tunaangalia ofisi ya huku tunakopakilia, ina kiyoyozi, ina dada anaongea vizuri, lakini pikipiki yako inapokelewa Mwanza, kwahiyo nilitaka kujua Mwanza kuna nini. Nikampigia shemeji yangu anakaa Igoma, nikamwambia shem, nimebakiwa na kampuni mbili, naomba ukipata nafasi pita ofisi zao za huko uniangalizie. Ya kwanza akakuta ni namba ya simu tu, ukipiga unaambiwa subiri barabarani gari likifika utaitwa. Ya pili akanipigia akiwa hapohapo, "Shem, hapa kuna yadi, kuna ukuta na geti na mlinzi, kuna jamaa anachukua friji lake na wanalikagua mbele yake. Nimeona na pikipiki mbili zimesimama ndani." Nikamwambia muulize huyo wa friji kama ni mara yake ya kwanza. Akasema ni mfanyabiashara wa vifaa vya umeme, anawatumia miaka yote. Mi hapo nilishaamua asilimia kubwa, na bei yao haikuwa ya chini kabisa wala ya juu kabisa.

Nikarudi kwao Dar na maswali yaliyobaki. Kwanza risiti. Kuna ofisi niliambiwa wataandika "pikipiki 1 nyekundu" na hiyo ndo risiti yenyewe. Sasa pikipiki nyekundu Tanzania hii ni ngapi? Hawa waliandika namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini, na wakaniuliza thamani yake wakaiandika. Hiyo thamani msiipuuzie, risiti nyingi za mizigo nyuma zina maandishi madogo kwamba kampuni haihusiki na mzigo ambao thamani haikutajwa, au mzigo unasafiri kwa dhamana ya mwenyewe, geuza karatasi usome kabla hujatoa hela. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi ya TRA, nikapewa, kwangu hiyo ni dalili kwamba mtu anafanya biashara ya wazi na anaweza kupatikana. Malipo wakakubali nusu nalipa Dar nusu nalipa nikishaiona Mwanza. Anayetaka yote mbele halafu hana ofisi kule mwisho, sijui utamshika na nini.

Kuhusu bima niliwapigia walionikatia, maana nilikuwa na ile ya watu wa tatu, na ile inamlipa mtu utakayemgonga, pikipiki yako ikidondoka ndani ya lori haikuhusu kabisa. Ndo maana ile thamani kwenye risiti ilikuwa na maana kubwa kwangu.

Nikaomba pia kuona wanavyofunga, wakaniambia njoo jioni tunapakia. Hapa ndo niliwapenda. Pikipiki ya mteja mwingine haikuwekwa kwenye stendi kubwa, ilisimama kwa tairi zake mbili, tairi ya mbele imegusa ukuta wa mbele wa bodi, kamba zimepita chini ya usukani kwenye chuma cha juu ya foki, zile nguzo mbili zinazoshika tairi ya mbele, siyo kwenye mikono ya usukani wala kwenye vioo, zikavutwa pande zote mbili mpaka shokapu za mbele zikabonyea kidogo, nyuma ikafungwa kwenye fremu. Kila kamba ilipogusa rangi waliweka kipande cha boksi na gunia. Nilimuuliza fundi wao mbona hamtumii stendi, akanijibu, "Bosi, stendi barabarani inakatika. Tuta moja tu gari likiruka, uzito wote unakuja pale." Pikipiki ni zaidi ya kilo 100, ukifikiria matuta yaliyopo mpaka Mwanza unamwelewa. Na waliiweka mbele karibu na kabini, nyuma ya ekseli ya mwisho ndo kunaruka sana.

Niliangalia na ilichopakiwa nacho. Kulikuwa na maboksi ya vyombo vya plastiki na magodoro. Kama ingekuwa chumvi au mbolea ningesubiri gari lingine, vile vitu vinakula chuma, na saruji mfuko mmoja ukiteleza tenki limebonyea.

Siku ya kupakia nilifanya yangu nyumbani. Nilimwaga petroli kwenye dumu nikaacha kabureta ikauke, kokii ya mafuta nikafunga. Betri nikachomoa waya wa hasi kwanza kisha wa chanya, nikazifunga ncha kwa tepu. Vioo vya pembeni nikavifungua nikasafiri navyo kwenye begi. Nikaiosha, siyo kwa ajili ya urembo, pikipiki chafu huwezi kuona mchubuko mpya na wa zamani. Nikaipiga picha kila upande, mpaka kilomita kwenye dashibodi na zile namba za chasisi, mbele ya mtu wa ofisi, na yeye nikamwomba apige kwa simu yake. Ilipofungwa nikaiacha kwenye gia ya kwanza isiserereke, usukani sikuulock. Kadi halisi nikabaki nayo, nikawapa kopi pamoja na kopi ya kitambulisho changu, maana njiani polisi wakikuta pikipiki kwenye lori watauliza ya nani, na wana haki ya kuuliza, pikipiki zinaibiwa sana.

Gari lilichelewa. Sikupenda lakini walinipigia wao kabla sijawapigia mimi, wakasema kuna foleni mizani na wanafika Mwanza siku inayofuata, na dereva nilikuwa na namba yake, nikimpigia anapokea anasema tuko Manyoni, tuko Igunga. Mzigo ukiwa njiani huna kitu kingine zaidi ya simu inayopokelewa.

Mwanza nilifika mwenyewe kwa basi, nikaenda yadi na shemeji mchana kweupe, tukaikagua kabla sijasaini kitu. Lenzi ya indiketa ya kushoto nyuma ilikuwa imepasuka. Msimamizi akaanza kusema labda ilikuwa hivyo, nikafungua picha, akafungua na za ofisi ya Dar alizokuwa ametumiwa, akaangalia, akasema sawa ni sisi. Akaandika kwenye kitabu chao cha makabidhiano, akakata bei ya indiketa kwenye ile nusu iliyobaki, nikalipa, nikasaini. Hakuna aliyepandisha sauti.

Tukarudisha betri, nikakaza nati za usukani na za ekseli maana safari inazilegeza, nikajaza upepo, tukaweka mafuta, ikawaka kiki ya pili. Zamani kutoka hapo kwenda Sengerema ungepanga foleni ya kivuko Kigongo, sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kama kilomita 3 hivi juu ya ziwa, unapita tu. Kesho yake nikaenda nayo kazini.

Kuna mwenzangu ofisini sasa hivi anahamia Kigoma na yeye ana TVS yake hataki kuiuza. Aliniomba namba ya kampuni yangu nikampa, ila nikamwambia hao Kigoma sijui wana nini, usiwalipe kwa sababu yangu. Ametafuta ndugu yake anayekaa Mwanga, hukohuko Kigoma mjini, aende akaone yadi kwanza.